Mali ya Umma Kifuani

Inatangazwa kwa wananchi wote, kuanzia Kasense hadi Mpui, kwamba kuvu iliyomo katika ghala la mahindi ni mali ya umma, na haitatoka getini ndani ya kifua cha mtu yeyote.

Kamati iliyoamua hivyo nami nilikuwamo, nafasi ya akina mama wazee, na soda nilikunywa. Ulikuwa wakati wa ruksa, mali za umma zikiuzwa. Ghala lilikuwa linauzwa kwa mtu binafsi, na sharti ni akabidhiwe kila kilichomo bila kupungua. Mahindi yalishaoza. Kilichostawi ni kuvu.

Bwana afya alitueleza kwamba mtu akivuta vumbi la kuvu, linatua kwenye pafu na kung'ang'ania, kama kishonanguo kwenye kanga. Tena pafu lenyewe lina vishikizo vyake. Kuvu inakamata hapohapo.

"Basi mwizi ni pafu," alisema mwenyekiti wetu, Bwana Polikarp. "Linapokea mali."

Tukapiga makofi. Hakuna aliyekuwa ameliangalia jambo upande huo.

Tangu hapo kila kibarua wa ghala, akitaka kutoka, alivuta pumzi ndefu mbele ya Kashinje, mlinzi wa geti. Kifua kikikoroma, alirudishwa ndani akalale juu ya magunia hadi makabidhiano. Mjukuu wangu Hellena alirudishwa. Nikampelekea uji wa ulezi, tukaongea kupitia nondo.

"Bibi, nitoeni niende hospitali. Sipumui."

"Vumilia, mama. Utaratibu unakamilishwa."

"Utakamilika nikiwa kaburini?"

Kwa hilo kamati haikuwa na kifungu.

Siku ya makabidhiano Polikarp alimwingiza mnunuzi, akapiga gunia kofi kuonyesha ubora. Ghala likafuka vumbi. Mnunuzi aliziba pua kwa leso. Mwenyekiti alikuwa anahutubia, mdomo wazi.

Getini Kashinje akamzuia mwenyekiti. "Vuta pumzi, mkubwa."

Akavuta. Kifua kikalia kama mlango mbovu.

"Rudi ndani."

"Unanijua mimi?"

"Nakujua. Ndiwe uliyesema nisimwachie hata ndugu."

"Hii si mali, we mshamba. Huu ni ugonjwa."

Mnunuzi akageuka. "Ugonjwa? Mbona mnaniuzia?"

"Chagua, mkubwa," alisema Kashinje. "Mali inabaki, ugonjwa unatoka."

Polikarp alikohoa mpaka akashika ukuta. Akachagua ugonjwa. Mnunuzi akaondoka bila kuaga, geti likafunguliwa, na Hellena akatoka wa kwanza, nimemshika kiuno, vibarua wenzake nyuma yetu.

Tukawapakia wote kwenye Landrova ya kamati. Mwenyekiti akashika mlango wa mbele.

"Wagonjwa nyuma, mkubwa," alisema dereva. "Mbele ni pa wajumbe."

Nikapanda, nikafunga mlango.