Neno la Warumi na Kibaraza cha Huseni

Jumatatu, 6 Oktoba
Bahati inanijua kwa jina! Maître Valéry, wakili wa Kinanira, aliona akili yangu mwaka juzi, akanizawadia kitabu kikuukuu cha sheria. Wengine wanaokota vizibo, mi napewa sheria. Leo ndiyo nakifungua: usucapion. Neno la Warumi wa zamani. Kilatini: usus, kutumia, capere, kuchukua. Ukitumia kitu muda mrefu, mbele ya watu, bila ugomvi, kinakuwa chako. Warumi walikuwa watu wazima! Chini kuna maandishi madogo. Madogo mno. Niliyaacha.

Jumanne, 7 Oktoba
Huseni, fundi magari, anataka kupanga matairi kwenye kibaraza cha gereji yake. Pale pale kwenye meza yangu ya kutengeneza radio! Miaka sita nakula hapo. Nikamwambia apana, mzee, kibaraza changu. Usucapion. Akauliza hiyo dawa ya nini. Nikaeleza, mtaa wetu wote wa Buyenzi ukasikia. Akauliza polepole: kutumia tu? Kutumia tu, nikasema. Akaondoka na matairi yake. Nimemmaliza!

Jumatano, 8 Oktoba
Balaa! Huseni ameandika jina lake kwa rangi nyekundu kwenye ngazi yangu, aliyoniomba mwaka juzi. Khadidja wa sambusa anasema sufuria yangu kubwa ni yake. Usucapion! Analitamka kunishinda. Idi kinyozi kapita na koti langu la harusi, kanipungia mkono. Huu moyo wangu mkubwa! Nusu ya nyumba iko mtaani. Nikamlilia mke wangu Asiya. Akasema miaka kumi na mbili ananitumia, kwa hiyo mi ni wake, nimenye viazi.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimemkimbilia Fadhila, binti wa Huseni, anasoma sheria. Kasoma maandishi madogo. Miaka thelathini! Na kitu ulichopewa kwa ruhusa hakihesabiwi, hata ukae nacho mpaka kiama. Nikaruka: ngazi yangu! Akauliza, na kibaraza, tonton, mjomba wangu, uliingiaje?
Nikakumbuka. Mvua. Huseni mwenyewe alinikaribisha, akashika mguu mmoja wa meza.
Nikaenda kwake. Nikaomba kwa mikono miwili, kama mtu anayeposa. Akaniacha nimesimama, akafunga nati tatu. Kisha akasema matairi yatakaa nyuma, we kaa, lakini kibaraza ni cha nani? Chako, mzee. Sema tena. Chako! Akafuta jina kwenye ngazi. Akaiomba upya papo hapo.

Ijumaa, 10 Oktoba
Maître Valéry kapiga simu, anataka kitabu. Nikamjibu kwa heshima: nakitumia, maître, mbele ya watu, bila ugomvi. Miaka miwili tayari, imebaki ishirini na nane. Akasema ugomvi unakuja na gari, yuko njiani.
Haya. Hakunizawadia. Nilikiomba kwa siku mbili.