Ombi la Kuwekewa Trafiki Sebuleni

Kihesa, Iringa,
Desemba, shule zimefungwa.

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu nzito kama lumbesa, lile gunia la kufurika mdomo, la viazi vya Mbeya. Mimi ni mzima, na hilo neno "mzima" naomba ulisome mara mbili, kwa sababu hapa mtaani wapo watu ambao bado wanabishana nalo. Nitafafanua mbele ya safari.

Kwanza nijitambulishe, usije ukadhani unaandikiwa na mtu wa mzaha. Naitwa Liberatus Mdemu, dereva wa masafa marefu, nabeba mbao za Mufindi kuzivusha mpaka Tunduma. Ndola nimefika. Lubumbashi nimefika na nikarudi na viatu vyangu vyote viwili. Lilongwe wauza chipsi wananiita kwa jina. Shule nilisoma mpaka kidato cha pili, hapo nikaona walimu wameanza kurudia mambo, nikawaachia. Kwa hiyo haya ninayoandika nimeyafikiria kwa upana wa kimataifa.

Ombi langu ni moja. Serikali itunge sheria kali ya kuwazuia watoto kucheza gemu za kuuana, na itungwe kabla shule hazijafunguliwa Januari. Nawasikia wasomi redioni wakisema hilo ni jukumu la mzazi. Ndugu Mhariri, mzazi mwenyewe ndiye mimi, na naomba uniamini nikisema mzazi hafai. Sheria isipowahi, mke wangu anamhamishia binti yetu Goodness kwa bibi yake Igowole, asome huko na akae huko. Goodness ndiye mtoto pekee tuliyejaliwa. Nyumba hii bila yeye ni godauni.

Malalamiko yangu nayapanga kwa namba, kama ofisi zinavyopenda.

1. Namba kumi na nane haieleweki

Mashine ya gemu niliinunua Mbeya, dukani kwa Mzee Jayantilal, mstaarabu ambaye hata kama hununui kitu anakupa chai ya maziwa yenye tangawizi. Goodness alikuwa amefanya vizuri mtihani wa nusu mwaka wa darasa la tano, nikataka zawadi ya hadhi yangu. Nikaona kasha la gemu yake limeandikwa kumi na nane, pembeni alama ya kujumlisha. Sasa mimi ni dereva. Kwa dereva, kumi na nane maana yake nini kama siyo matairi? Semi ya matairi kumi na nane na kuendelea! Nikasema moyoni, safi, mwanangu atajifunza kazi ya baba yake akiwa amekaa.

Mama Taraben, mke wa Mzee Jayantilal, alijaribu. Sitamsingizia. Alisema, "Liberatus bhai, hii si ya mtoto. Hiyo kumi na nane ni umri." Nikamjibu, "Mama, tangu lini umri wa gari ukahesabiwa kwa matairi?" Akamgeukia mumewe. Mzee Jayantilal akamwambia kwa upole, "Mwache, Tara. Dereva huyu." Nikatoka pale nikijua nimeshinda hoja.

Kufika nyumbani na kuiwasha, gari zima hata moja hakuna. Lipo lililoungua, na watu wamejificha nyuma yake wanamiminiana risasi. Sasa nauliza, sheria ilikuwa wapi? Neno "umri" lina herufi nne tu. Wangeliandika wangepungukiwa nini?

2. Lugha imeharibika

Siku hizi nyumbani kwangu hakuna kitu kinachovunjika, kudondoka wala kuisha. Kila kitu kinauawa. Yai likimponyoka, "nimeliua." Sabuni ikiisha, "imekufa." Akinishinda mimi, jambo ambalo ni la kila siku, anasema, "Baba, nimekuua tena jamani! Unasimamaje katikati ya barabara kama koni ya trafiki?" Maneno haya hakuyapata kwangu. Mimi nilimfundisha kushika pedi ya kuchezea gemu tu, na hata hilo lilipinduka haraka, akawa ananifundisha yeye.

Kanisani ndiko nilikoumbuka. Katekista Gloria aliwauliza watoto wa komunio ya kwanza, mtu akifa inakuwaje? Wenzake wakajibu kistaarabu: mbinguni, malaika, raha ya milele. Goodness akasimama, akasema, "Unarudi pale ulipoanzia, ila bunduki wanakunyang'anya." Katekista akanivuta pembeni. "Baba Goodness," akaniuliza kwa sauti ya chini, "huyu mtoto mkiwa nyumbani mnasali dhehebu gani?"

3. Nimefiwa na mimi mwenyewe

Hili ndilo kubwa, Ndugu Mhariri, tafadhali kaa chini.

Jumamosi moja Goodness alinilipua na bomu nikiwa nimejificha vizuri kabisa ndani ya pipa. Iliniuma. Nikajinyoosha kwenye kochi, nikajifunika khanga ya mama yake mpaka usoni, nikanuna. Simu yangu ikaita. Alikuwa mama mkwe wangu, Mama Benedicta wa Igowole. Mtoto akapokea, macho kwenye skrini, vidole kwenye pedi. Bibi akauliza baba yuko wapi. Goodness akasema, "Baba amekufa, bibi." Bibi akasema, "Ati?" Goodness akasema, "Amekufa. Yupo hapa kwenye kochi, amefunikwa khanga. Ni bomu, bibi. Ila sasa hivi anaru..." Na mtandao wa Igowole ukakata hapo hapo, kama desturi yake mvua ikianza.

Kwa mtu mwenye mkwe dereva, bomu maana yake ni tairi limepasuka. Mama mkwe hakuhitaji maelezo zaidi. Na kwetu huku, ukisikia msiba hupigi simu mara ya pili kudadisi, utaonekana una roho mbaya. Unalia kwanza, unapanda gari, maswali utauliza huko huko.

Basi alasiri, mimi nimeshafufuka nipo levo ya juu, nikasikia vilio vinapanda kutoka njia panda. Fuso! Akina mama wa jumuiya nzima wapo juu, na kuni, na maharage, na masufuria ya kanisa, na madumu ya ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi. Nikajua jirani amepatwa. Mimi nina moyo mkubwa, siwezi kusikia kilio nikakaa. Nikatoka mbio kwenda kuwapa pole, na bukta, kifua wazi, pedi mkononi. Nikawa wa kwanza kushika mkono wa mfiwa. Mfiwa alikuwa mama mkwe.

Ndugu Mhariri, mkwe wa Kihehe mwenye adabu hata njiani anamkwepa mama mkwe wake. Mimi nilisimama mbele yake na bukta yenye tundu. Hapo ndipo nilipotamani ile taarifa iwe ya kweli. Yeye alirudi nyuma, akasema "Kamwene" kwa mbali, kama mtu anayeujaribu mzimu kama unajua salamu za nyumbani. Nikaitikia. Akina mama wawili wakaruka wakarudi juu ya Fuso.

Ingeweza kuishia hapo kama si mtani wangu Danieli, Mngoni, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Huyu alisikia kilio akafanya anachofanya mtani msibani: aliingia ndani, akavaa koti langu la safari, akashika mfuniko wa sufuria kama usukani, akaanza kuniigiza ninavyoshuka mlima, breki nakanyaga kwa midomo. Nikamwambia, "Danieli, mimi hapa. Niko hai." Hakunigeukia hata. "Marehemu," akasema, "usituvurugie msiba. Kuni zimeshashushwa."

Watu walicheka huku machozi hayajakauka. Na kwa kweli kuni zilikuwa zimeshashushwa. Maharage yakaiva, ulanzi ukazunguka, wakaanza kunisema vizuri mmoja mmoja, na mimi nimekaa katikati nimevalishwa shati, napiga makofi. Sikujua napendwa hivyo! Mama mkwe alisimama akasema nilikuwa mkwe mwema. Hilo neno "nilikuwa" mpaka leo hajalifuta.

4. Hukumu ya Mama Goodness

Mke wangu Eveline alikuwa sokoni. Alikata kona ya mtaa wetu na beseni la nyanya kichwani, akaona Fuso, akaona kuni, akamwona mama yake. Hakuuliza. Beseni lilikwenda chini, nyanya zikatiririka mtaroni, na kilio alichokipiga pale, Ndugu Mhariri, sitakisahau hata nikifa mara nyingine. Kisha akaniona mimi nakula maharage kwenye msiba wangu.

Alinipiga na kandambili. Akanikumbatia. Akanipiga tena na kandambili ileile. Halafu akasema taratibu, na Eveline akisema taratibu hata mbwa wa mtaa wanakaa chini: "Baba Goodness. Ama wewe umwachishe mtoto hiyo mashine, ama Januari mtoto anakwenda kwa mama. Chagua." Akainama kuokota nyanya zake. Mama mkwe tayari ameshaulizia nafasi katika shule ya Igowole, na kitanda cha mjukuu ameshakitandika.

5. Kwa nini mzazi hawezi

Utasema, si umwambie mtoto aache? Wewe hujawahi kutazamwa na Goodness. Mimi nimesimamishwa mpakani na askari wenye mbwa, nikawauliza mbwa anaitwa nani. Lakini mtoto yule akisema, "Baba, moja tu ya mwisho," nashtukia nimeshashika pedi ya pili.

Na kuna jambo jingine, hili usilichape kwa herufi kubwa. Mimi nakuwa safarini muda mrefu. Zamani nikirudi, Goodness alikuwa ananipa mkono kama anayempokea mkaguzi wa shule. "Shikamoo baba, za safari." Basi, anakwenda zake. Mashine hii ndiyo iliyomleta kwenye kochi langu, bega kwa bega, ananisimanga na anacheka mpaka anapaliwa. Sasa niifunge kwa mkono wangu mwenyewe? Ndiyo maana nataka Serikali ndiyo iifunge. Serikali haina uso wa kutazamwa.

Mfano upo barabarani. Mimi pale Mbalizi sipunguzi mwendo kwa sababu nina maadili. Napunguza kwa sababu trafiki amejificha na tochi ya kupimia mwendo nyuma ya mgomba. Mtu mzima mwenye leseni bila tochi hawezi kujizuia, na wasomi wanataka mtoto wa darasa la tano azuiwe na mapenzi ya baba yake!

Kwa hiyo napendekeza. Kila sebule yenye mashine ipewe trafiki wake, mwenye sare na tochi, akae kwenye stuli. Chakula atakula kwetu. Mlangoni uwekwe mzani kama ule wa malori pale Uyole: mtoto apite na begi la shule, kazi za nyumbani zikionekana nyepesi arudishwe, zikizidi uzito mwalimu atozwe faini. Wazazi nao wapewe leseni kwa madaraja. Daraja la chini aruhusiwe kuzima redio tu, daraja la juu kabisa, sawa na la kuvuta trela, ndilo pekee liruhusiwe kumwambia mtoto wa pekee "hapana." Mimi hilo daraja nitafeli mtihani, nakuambia mapema. Pale Tunduma makasha yote ya gemu yafunguliwe, na atakayechanganya umri na matairi azuiliwe mpaka aelewe. Bunge likiona vema, basi mababa wote wa aina yangu wawekwe kambini kwa mafunzo ya kukunja uso. Nipo tayari kutangulia. Naomba tu kambi iwe na kochi.

Barua hii usiipunguze, hasa pale nilipoitaja Lubumbashi. Nisalimie wachapaji wako, wauza magazeti wa stendi, na nyumbani kwako wote wakubwa kwa wadogo. Nisalimie Mzee Jayantilal na Mama Taraben ukipita Mbeya, mwambie mama yule kuwa sasa nimeelewa. Nisalimie matrafiki wote kuanzia Kitonga mpaka Tunduma, isipokuwa yule wa Igawa, anajijua. Na wasomaji wote wa Nyanda za Juu, kamweneni.

Nabaki mimi, ninayeisubiri sheria nikiwa nimevaa suruali,

Liberatus Mdemu
(si marehemu)

Tanbihi. Ndugu Mhariri, nilimpa Goodness barua hii anirekebishie herufi kubwa, maana mwenye Kiswahili humu ndani ni yeye. Aliisoma yote. Akaniuliza, "Kwa hiyo nikiacha, siendi Igowole?" Nikasema ndiyo. "Sasa baba, si ungeniambia tu?" Akachomoa waya, akauviringisha vizuri, akaipandisha mashine kabatini kwenye vyombo vya wageni, akatoka kwenda kucheza rede na wenzake. Mama yake amefurahi, safari ya Igowole imefutwa, mama mkwe amekitandua kitanda. Mimi nipo hapa kochini peke yangu tangu asubuhi, namsikia anavyocheka huko nje na watu wengine. Kwa hiyo kama hujaichapa barua, igeuze kidogo tu. Sheria ibaki kali vilevile, ila iwe ya kuwalazimisha watoto wacheze na baba zao. Na ufanye haraka, tafadhali. Naondoka na mbao Jumatatu.