Friji la Mteja wa Laki Moja

Jumatatu, 3 Machi

Nimeua friji. Mke wangu alisema barafu iachwe iyeyuke taratibu. Mimi na subira wapi na wapi! Nikachukua kisu cha mkate. Psss! Gesi yote nje. Na friji hilo ndilo la juisi anazouza. Chakula chetu na ada ya binti vinatoka humo. Hakunigombeza. Alikaa kwenye kreti, akalia. Afadhali angenitukana.

Jumanne, 4 Machi

Bahati hiyoo! Duka kubwa la njia panda limefunga mashine juu ya mlango. Kila mteja anayepita, awe anaingia au anatoka, namba nyekundu inapanda kwa moja. Ikifika laki moja, anayeingia anapewa friji. Jipya! Wafanyakazi wanapita mlango wa nyuma, hawahesabiwi.

Nimepiga hesabu. Ama nitashinda, ama sitashinda. Nusu kwa nusu! Jirani yangu Kinyozi, ambaye kibanda chake kinatazamana na mlango huo, alicheka sana. Akasema kwa hesabu hiyo hata yeye ana nusu, na mteja aliyekaa kwenye kiti chake naye ana nusu. Nikamwambia anyoe, aachane na mambo ya wasomi.

Jumatano, 5 Machi

Nimeshinda mlangoni kutwa nzima. Duka limefungwa, wateja wote wametoka, namba inasoma 99,986. Safi! Kesho watu wakiwa bado wanapiga mswaki, nitaingia na kutoka, kuingia na kutoka, mpaka ifike. Nusu ya mapito yangu ni ya kuingia. Nusu hiyo nikijumlisha na ile ya jana, napata moja kamili. Friji langu!

Mke wangu kaomba tufuatane, eti anataka chumvi. Nimekataa. Atanivurugia hesabu. Isitoshe, friji nililiua peke yangu, nataka nilirudishe peke yangu.

Alhamisi, 6 Machi

Aibu gani hii!

Mlango ulipofunguliwa nilikuwa wa kwanza. Naingia, nanunua kiberiti, natoka. Naingia, kiberiti, natoka. Mlinzi akauliza kama nina mpango wa kuuchoma mtaa. Mara ya saba niko ndani, namba inasoma 99,999. Kugeuka, namwona Kinyozi anavuka barabara, taulo begani, taratibu kama bwana harusi. Jasho likanitoka. Nikibaki ndani, anaingia yeye, wa laki moja. Nikitoka, wa laki moja ni mimi, ila natoka! Akili ikaruka. Nikachomoka mbio.

King'ora kikalia. Maputo yakanimwagikia kichwani. Nikainua mikono juu, nikaanza kutoa shukrani. Meneja akanishika bega, akanieleza kwa upole wa kuudhi kwamba zawadi ni ya anayeingia, na mimi nilikuwa natoka, kwa hiyo itakwenda kwa atakayefuata kuingia. Mguu mmoja wa Kinyozi ulikuwa tayari ndani.

Nyumbani, mke wangu alivipanga viberiti saba mezani, akavitazama.

"Mume wangu, nilikuambia twende wote."

Jumamosi, 8 Machi

Kinyozi kanieleza yote huku wembe uko shingoni mwangu, kwa hiyo nilisikiliza. Duka likiwa tupu, namba lazima igawanyike kwa mbili, maana kila aliyeingia ametoka. Mtu akiwa peke yake, daima anaingia kwenye namba isiyogawanyika na kutoka kwenye inayogawanyika. Laki moja inagawanyika. Ningezunguka mpaka miguu ing'oke, nisingeingia kwenye laki moja. Ila angekuwepo mtu mwingine mmoja tu ndani, hata wa kununua chumvi, ningeingia nayo. Yeye alisubiri makusudi mpaka aone mimi niko ndani. Nilimwambia ni bahati tu.

Friji liko kibandani kwake. Kamwambia mke wangu aweke juisi humo, bure. Wanaokuja kunyoa wanakunywa, wanaokuja kunywa wananyoa. Juisi zinaisha kabla ya adhuhuri. Mke wangu anacheka tena, na roho yangu inaniuma kwamba hachekeshwi na mimi. Nimekunywa glasi mbili kwa hasira. Baridi kweli.

Jumapili, 9 Machi

Tangazo jipya mlangoni! Atakayeingia wa milioni moja atapata friji la milango miwili.

Nimefunga mlango, nikakaa na kalamu. Kosa nimeliona, na Kinyozi na ujuaji wake wote hakuliona. Laki moja ina sifuri tano. Tano haigawanyiki kwa mbili, ndiyo maana mambo yalipinda. Milioni ina sifuri sita. Sita inagawanyika! Safari hii atakayeingia na namba hiyo ni mimi, hakuna ubishi.

Mke wangu kachungulia, kaiona karatasi. Kasema siku ikifika yeye atatangulia ndani, mimi nifuate. Nimemshukuru, nikamwambia asijisumbue. Nitakwenda peke yangu. Imebaki laki tisa tu.