Bwana Harusi Wetu Mmemkimbizia Msituni

Vestry Creek, Jimbo la New York
Novemba 1957

Mheshimiwa Mkuu wa Polisi,

Salamu kwako na kwa mama watoto, nasikia goti linamsumbua. Mimi ni Filomena Scarpati, jirani wa Bwana Carmine Lobianco, yule mwenye kiwanda cha jibini na nyumba kubwa pale kilimani. Shule sikukaa sana, kwa hiyo naandika kama ninavyoongea, na kuongea naongea.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Alhamisi vijana wako waliziba barabara ya Bwana Carmine, wageni wake wote wakatimkia msituni. Wale walikuja kumwona Bwana Carmine, ni mgonjwa. Sisi watu wa Sicilia mtu akiumwa moyo tunamwendea wote. Wengine wametoka Cleveland, wengine Tampa, mmoja Havana. Wewe ukiugua nani atatoka Havana? Sajenti wako Haldane akaniuliza, "Mama, mbona mgonjwa ndiye anayechoma nyama?" Nikamwambia, "Kijana, kwani anaumwa mikono?"

2. Wamekimbia hawajala. Nyama ile yote imeliwa na mbwa wenu, msinikatalie, nimeona. Mzee mmoja wa viatu vyeupe kanasa kwenye uzio wa waya wa ng'ombe wangu, suti ya hariri imechanika nyuma. Nikamwuliza, "Baba, safari ya wapi?" Akasema, "Natembea tu, bibie, daktari kaniagiza." Mtu wa umri ule mnamtembeza vile, hamna baba nyie?

3. Hili ndilo linaloniuma hasa. Kati ya wageni wale alikuwemo Bwana Nunzio Ferrigno, mchumba wa binti yangu Assunta. Assunta ana miaka thelathini na nne, mpishi hodari, sharubu kidogo tu. Ndoa ni Jumamosi hii. Padri yuko tayari, gauni liko tayari, bwana harusi yuko msituni. Mtoto analala na shela kichwani.

Mnasema Nunzio ni jambazi. Jambazi gani anambusu mama mkwe mkono? Kazi yake ni kukodisha vitambaa vya meza kwenye mahoteli, na ameniambia mwenyewe hakuna hoteli iliyowahi kumkatalia. Hiyo ni adabu yake. Bastola anayo, sawa, kwao Cleveland kuna mbwa wakali. Na kwamba mlipowahoji wenzake hakuna aliyefungua mdomo, basi ni watu wasiopenda umbea. Kusema kweli hilo hata mimi lilinishangaza.

4. Kwa hiyo naomba mwache kumtafuta. Jumamosi polisi wasimame mlangoni mwa kanisa, wampigie saluti. Sajenti Haldane ashike maua. Halafu gari lenu, lile lenye taa, liwapeleke maharusi fungate kwenye maporomoko ya Niagara, na king'ora kilie njia nzima ili dada yangu Concetta asikie.

Na msihangaike kabisa kuja kwenye stoo yangu ya chini ya ardhi, ule mlango wa kijani uliolala ardhini nyuma ya banda la kuku. Hamna mtu mle. Sahani ninazopeleka ni za paka. Divai pia ni ya paka.

Nisalimie polisi wote, na yule kijana aliyeanguka mtoni, soksi zake zimekauka aje achukue.

Jirani yenu mwenye uchungu,
Filomena Scarpati

N.B. Niliacha kuandika kidogo, nikampelekea paka chakula. Kaonja mchuzi wangu wa nyanya, akasema, "Mama, umetia sukari. Mke wangu Cleveland hatii." Halafu akaweka kijiko chini. Halafu akasema, "Yaani, mama yangu."

Assunta alikuwa nyuma yangu na mkate. Hakulia. Ameufunga ule mlango kwa nje, amekaa juu yake na shela lake, anautafuna mkate.

Ni wa kijani, nyuma ya banda la kuku. Njooni na mbwa. Sajenti Haldane awahi, ale kwanza. Nimeulizia, hana mke.