Spika Kali na Kanda ya Baba Mkwe

Jumamosi, 8 Machi

Spika mpya zimefika! Nyeusi, ndefu, zinanifika kifuani. Nimeziunga kwenye amplifaya yangu yenye taa za buluu, nikaweka muziki. Jamani! Matoazi yanachoma masikio kama sindano. Mwimbaji akitamka "s", utadhani chuma cha moto kimetumbukizwa majini. Mke wangu akachungulia kuuliza nani anakaanga sebuleni. Nikamweleza kwamba spika bora hazifichi kitu. Akasema basi zisifiche na swichi ya kuzimia.

Jumapili, 9 Machi

Mdomo umeniponza. Mama mkwe amepata kaseti ambayo marehemu baba mkwe alimrekodia enzi za uchumba wao, mzee alipokuwa kazini mbali. Barua ya sauti. Hajaisikia miaka thelathini. Anatafuta pa kuisikilizia.

Shemeji, kaka yake mke wangu, akadakia: kwake! Na ile redio yake inayosikika kama mtu aliyeangukia kisimani! Kabla sijafikiri nikasema, "Mama, njoo kwetu Jumamosi. Utamsikia mzee mpaka pumzi." Mama akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Shemeji akacheka puani.

Jumatatu, 10 Machi

Nimetoroka ofisini kwenda kwa fundi redio. Hakuinua hata kichwa kwenye kazi yake. Akasema spika kali zinataka amplifaya tulivu, yenye sauti nzito na nguvu za kutosha. Yangu nayo ni kali. "Wakali wawili hawakai nyumba moja." Tena nizigeuze spika kidogo zisinitazame usoni, na nitandike zulia.

Zulia! Nimemwendea kwa elimu, ananiuzia usafi wa nyumba.

Jumanne, 11 Machi

Nimebuni mwenyewe. Soksi za sufu, moja kila spika, juu ya kile kispika kidogo cha sauti nyembamba. Ukali umepungua. Nikajipongeza. Shemeji akapita "kusalimia tu". Akazitazama, akauliza zimepata mafua tangu lini. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mke wangu mwenyewe!

Jumatano, 12 Machi

Ushindi! Jirani yetu, mwalimu mstaafu, ana amplifaya kuukuu, nzito kama jiwe la kusagia, sauti kama asali. Nikamwonyesha taa zangu za buluu. Nikasema chombo chake kimepitwa na wakati, na mimi kwa roho yangu nzuri niko tayari kubadilishana. Mzee wa watu akanishukuru mara tatu! Nikaondoka haraka kabla hajazinduka, mgongo ukilia.

Alhamisi, 13 Machi

Nimezivua soksi, na sauti bado imetulia. Matoazi sasa yanametameta bila kuchoma. Nimetandika zulia pia, kwa sababu zangu binafsi. Mke wangu aliketi, akasikiliza wimbo mzima, akaniegemea begani. Akaniomba nisiguse tena kitu chochote. Nikaahidi.

Ijumaa, 14 Machi

Shemeji tena. Akasikiliza. Akasema si mbaya, imetulia, kama muziki wa kusubiria daktari wa meno.

Daktari wa meno! Spika zangu!

Alipoondoka nikazungusha kitufe cha sauti nyembamba mpaka mwisho. Nikaviringisha zulia. Mke wangu akasema sikio la kufa halisikii dawa. Hajui vita ninavyopigana.

Jumamosi, 15 Machi

Naanzia mwanzo.

Mama mkwe alikuja amevaa nguo yake bora, kana kwamba mzee angemwona. Nikambonyezea kaseti. Maneno ya kwanza ya marehemu yalikuwa "Sasa sikiliza." Sssasa sssikiliza! Kama nyoka wawili ndani ya debe. Mama akaziba masikio. Macho yakamjaa maji. Akasema, "Huyu siye." Shemeji akaanza kutafuta funguo za gari, ampeleke kwake.

Nilitamani ardhi inimeze. Nikabaki nimesimama kama mwizi wa kuku.

Mama ndiye aliyeinuka. Akakitazama kile kitufe kilichozungushwa mpaka mwisho, akakirudisha taratibu kwa vidole viwili, kama anayepunguza moto wa jiko. Nikarudisha kaseti mwanzo. Ikasikika pumzi. Halafu sauti, nzito, karibu, mle mle chumbani:

"Sasa sikiliza. Nimepata chumba chenye dirisha. Kitanda ni kimoja, lakini kipana."

Shemeji akatazama dari. Mke wangu akatazama sakafu. Mama akacheka huku analia, akasema, "Ndiye huyo, mshenzi wangu." Akaomba irudiwe. Tuliirudia mara tano. Shemeji akanipiga begani, kisha akatoka nje kupenga kamasi.

Jumapili, 16 Machi

Mwalimu mstaafu amekuja kunishukuru. Spika zake, kumbe, zilikuwa zimepooza miaka yote, na amplifaya yangu kali imeziamsha. Akanialika nisikilize. Nikaenda.

Filimbi kama iko dirishani! Ngoma imekaa mahali pake! Na zile taa za buluu zilivyopendeza juu ya kabati lake!

Nimeibiwa mchana kweupe. Mzee mjanja yule, na shukrani zake tatu! Mke wangu anasema wote wawili tumepata kilichotufaa, tushukuru. Hajui kitu. Kesho naenda kumwambia mwalimu kwamba taa za buluu zinaharibu macho ya wazee.