Glavu Haivuji? Ndiyo. Hapana.

Jamani, leo nimejiumbua. Kwa kalamu yangu mwenyewe.

Mimi ni afisa wa ununuzi wa vifaa vya hospitali hapa Lodwar. Kliniki yetu moja kule Kakuma imelia muda mrefu kwamba glavu za kuzalishia akina mama zinavuja. Nikaenda semina. (Semina huniharibu.) Huko tukafundishwa kuchora safari yote ya kifaa, tangu kinapoagizwa hadi kinapofika mkononi mwa mkunga, ili uone ubora unapotelea wapi. Nikachora! Visanduku, mishale, rangi za kila aina. Nikaubandika mchoro kwenye mlango wa ghala, nikamwambia Ekai, mtunza ghala, "Fuata mshale. Usiulize maswali."

Kisanduku cha mwisho kilisema: Jaza glavu maji. Haivuji? Mshale wa NDIYO ukaelekea Kakuma. Mshale wa HAPANA ukarudi kwa muuzaji, Kitale.

Mzigo ulifika ghalani jana, na jioni hiyo hiyo fungu la Kakuma likaondoka. Leo asubuhi nilisimama mbele ya wakubwa kuueleza mchoro wangu, shati nimechomekea. Simu ikalia. Sista Akiru, mkunga wa Kakuma. Nikaweka spika makusudi, wasikie nikishukuriwa.

"Ejok, Sista!" nikamsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok ya wapi? Hii glavu umetuma yote inatoa maji kama chujio! Niko na mama Mkongo hapa, uchungu imeanza, na nimebaki na pea moja tu!"

Nilitamani ardhi inimeze. Mkubwa wangu akaagiza Ekai aitwe. Akaingia akitabasamu, maskini.

"Ekai, ulipima hizi glavu?"

"Nilipima, boss. Katoni kwa katoni. Ile mzuri, naangalia karatasi. Haivuji? Nasema hapana, haivuji. Hapana iko na mshale ya kurudisha. Nikarudisha kwa lori, imeondoka asubuhi."

"Na mbovu?"

"Haivuji? Ndiyo, inavuja. Ndiyo inaenda Kakuma." Akanigeukia. "Si ulisema nisiulize?"

Mkubwa akavua miwani, akanitazama. "Hukumjaribisha mtu yeyote kabla ya kubandika?"

"Hapana," nikajibu.

"Hapana ulijaribu, ama hapana hukujaribu?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Hata mama wa chai! Mimi mwenyewe nilianza kucheka, niwe mmoja wao. Kisha nikaona simu mezani. Spika ilikuwa bado imewaka. Sista alikuwa anatusikiliza muda wote huo. Akakata simu, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Sasa niko Lokichar, kando ya barabara ya kwenda Kitale. Dereva wa lori nilimpigia, akanisubiri, akanisonya vizuri sana. Katoni nimezihamishia kwenye pikapu na Kakuma bado ni mbali. Ujumbe wa Sista umeingia sasa hivi: "Mtoto amezaliwa, mzima. Ile pea imeisha. Mama mwingine amefika."

Naomba Mungu huyo mama asiharakishe. Mchoro nimeubandua, Ekai nimemwomba msamaha, na nyinyi marafiki zangu nina swali moja tu kabla sijawasha gari: hamnicheki?

Msijibu ndiyo. Wala msijibu hapana.