Umande kwa Kiingereza

Jumatatu, 9 Juni 2025
Shangazi Syombua atazikwa Ijumaa, hapa Zombe. Binamu zangu wa Nairobi wanataka wasifu wake kwa Kiingereza. Nimejitolea kabla hawajamtaja Mwalimu Nduku. Nimeandika sentensi moja tu, lakini nzito: *She wore the dew for us.* Nimeisoma mara ishirini.

Jumanne, 10 Juni
Kanisa limempa Mwalimu Nduku kazi ya kukagua kijitabu cha mazishi. Amefundisha Kiingereza miaka thelathini na moja. Amepiga sentensi yangu mstari mwekundu, akasema hakuna Mwingereza anayevaa umande. Nikamuuliza anawajua Waingereza wangapi.
Nikapita dukani kwa Ridwan, msomaji wa magazeti. Aliisoma polepole, kisha akauliza kama marehemu alikuwa akiuza manukato.

Jumatano, 11 Juni
Nimeitafuta kwenye simu. Haiko popote duniani. Basi nikafungua ukurasa wa Facebook kwa jina la Profesa wa London, nikaiandika humo, nikampelekea Mwalimu ushahidi. Akavaa miwani. Akasema profesa huyo amepigwa picha mbele ya posho mill, kinu cha unga cha hapa Zombe.
Akaniuliza taratibu, “Mulei, ulitaka kusema nini hasa?”
Nikamweleza. Wakati wa mvua, nyasi za njia ya shule zilitufika kiunoni. Kila asubuhi shangazi alitangulia, akizikanyaga na kuzipangusa umande kwa leso, sisi watoto wanne tukimfuata kwa mstari. Tulifika shuleni sare zikiwa kavu. Yeye alirudi amelowa hadi kifuani, akaenda shambani hivyo hivyo. Sikuwahi kumwambia asante.
Mwalimu alichukua tena kalamu yake. Kisha akasema, “Andika hayo kwanza. Ukishayaandika, sentensi yako itasimama yenyewe.” Kando ya ule mstari mwekundu akaandika: ibaki.

Ijumaa, 13 Juni
Tumemzika. Mwalimu Nduku ndiye aliyesoma. Alipofika kwenye habari ya nyasi, watu walitulia. Alipofika kwenye umande, binamu yangu Kitheka, aliyekuwa akitembea wa kwanza nyuma ya shangazi, aliinamisha kichwa. Hakukiinua hadi wimbo ulipoanza. Nami sikuona vizuri.

Jumamosi, 14 Juni
Nimefikiria sana tangu jana. Ni wazi kwamba sentensi yangu ndiyo iliyowaliza watu. Yale maelezo ya nyasi yaliipunguzia nguvu, na ni Mwalimu aliyeyaingiza. Sitaeleza tena.
Nimeanza wasifu wa jirani yangu, Mzee Kyule: *He was the shade of many Thursdays.* Mzee yu mzima kabisa, asubuhi nimemkuta akipakia mbuzi wa kupeleka mnadani. Niliona ni heshima kumsomea mapema, ajue mambo yatakavyokuwa. Amenifukuza kwa fimbo hadi barabarani.
Kiingereza chake ni kidogo, maskini.